Betri ya kamera haikai: mtafute mwizi wa chaji kabla hujanunua nyingine

Jumamosi moja, saa mbili usiku, maharusi wako mlangoni na MC ameshawasimamisha watu, kijana anayenisaidia akanifuata nyuma ya spika. “Kaka, na ya tatu imekata.” Tulikuja na betri tatu, mbili kati yake zikiwa na wiki moja tangu zitoke dukani. Picha zilikuwa hazijafika mia nne. Shughuli tukaimalizia kwa kamera ya akiba, ile ambayo kwa kawaida hubaki begini ili mimi nilale usingizi.

Jumatatu nilitaka kwenda Kariakoo kuchukua ya nne. Sikwenda, kwa sababu malipo ya mwisho ya harusi yalikuwa hayajaingia. Nikabaki nyumbani nikizipima moja baada ya nyingine, na kufika Alhamisi nikawa najua kuwa betri zote tatu ni nzima. Mwizi alikuwa chaja. Taa yake ilikuwa inageuka kijani betri ikiwa haijafika hata robo tatu.

Tangu hapo, anayeniletea kamera na malalamiko ya “betri haikai”, mimi humuuliza kwanza: umejuaje kuwa ni betri? Betri husingiziwa haraka kwa kuwa ndiyo inayouzwa kila kona. Chaji ina njia nne za kupotea: kwenye betri yenyewe, kwenye chaja, ndani ya kamera, na mkononi mwa mpiga picha. Kazi ni kuwatenganisha hao wanne, na inawezekana bila kutoa hela.

Mapema kiasi gani?

Anza kwa kutafuta kamera yako iliahidiwa picha ngapi. Makampuni hutumia kipimo kimoja cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani: picha moja kila nusu dakika, fleshi ya ndani ikiwaka picha moja na kuruka moja, kamera ikizimwa na kuwashwa kila baada ya picha kumi, katika joto la nyuzi 23. Kwa kipimo hicho Nikon D3500 inapiga picha 1,550 kwa chaji moja. Canon EOS 80D inapiga 960. Sony a6000 inapiga 360 ukitumia skrini, na 310 ukichungulia kwenye tundu. Canon EOS M50 ni 235 tu.

Ndiyo maana mtu aliyehama kutoka kamera za zamani, zile zenye kioo cha ndani kinachoruka kila ukibonyeza, akaja kwenye hizi nyembamba zisizo na kioo, hudhani ameuziwa betri mbovu. Kile kioo kilikuwa kinakuonyesha maharusi kwa mwanga wao wenyewe, bure. Kwenye kamera mpya kila unachokiona ni video: kihisi, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, kinafanya kazi, skrini inawaka, hata kama hujapiga picha yoyote. Hata hiyo 80D, ukiacha kuchungulia ukaanza kupiga kwa kutazama skrini ya nyuma, 960 zinashuka hadi 300, na betri ni ileile.

Kwa upande mwingine, ukipiga mfululizo, picha saba au nane kwa pumzi moja, unaweza kuipita mbali hesabu ya CIPA, kwa sababu kinachokula chaji zaidi ni muda ambao kamera iko macho. Picha 235 za M50 kwa kasi ya CIPA ni chini kidogo ya saa mbili. Kwa hiyo kama una kamera ya namna hiyo, na inakata baada ya saa mbili za kuiwasha bila kuizima, hujaibiwa na mtu. Nunua betri za ziada, uendelee na kazi. Mimi huanza kuwa na mashaka pale kamera inapotoa chini ya nusu ya ahadi yake kwa matumizi ya kawaida ya picha, bila video.

Jaribio la usiku mmoja

Hili ndilo lililonitoa gizani, na halihitaji kifaa chochote. Chukua betri mbili, ziandike A na B kwa kalamu ya maki. Zichaji hadi taa iseme zimejaa, ziache zipoe kama saa moja. Tia A kwenye kamera, soma asilimia, andika. Itoe, tia B, soma, andika. Kisha rudisha A ndani ya kamera, izime, iweke mezani. B ilale pembeni yake, nje. Asubuhi zisome zote mbili tena. Kama una betri moja tu, fanya kwa usiku mbili: leo ndani, kesho nje.

Kamera nyingi za bei ndogo hazionyeshi asilimia, zinaonyesha vidude vitatu tu, na kidude cha kwanza hukaa muda mrefu mno kabla ya kutoweka. Hapo azima multimita, kile kipima volti, kwa fundi umeme wa mtaani. Betri nyingi za kamera kubwa zina seli mbili ndani, zimeandikwa volti 7.2 au 7.4, na zikijaa husoma karibu na 8.4. Betri bapa za kamera ndogo za mfukoni huwa na seli moja, zimeandikwa 3.6 au 3.7, na zikijaa husoma karibu na 4.2. Gusa alama ya kujumlisha na ya kutoa, na uangalie ncha za waya zisigusane, maana betri ya lithiamu haina utani na shoti.

Sasa usome majibu. Kama zote mbili hazikuwa zimejaa tangu jioni, mshtaki chaja. Kama B iliyolala nje imeshuka, betri yenyewe inavuja ndani, na hakuna dawa. Kama B imetulia na A imeshuka, kamera inakula usiku ikiwa imezimwa. Na kama zote zimetulia lakini kazini zinaisha haraka, basi ni uzee wa betri au ni wewe.

Taa inasema imejaa, betri haijajaa

Chaja ndiyo hukaguliwa mwisho kwa sababu ina taa, na sisi tunaamini taa. Soma maelezo ya taa yako. Chaja ya Canon LC-E6, kwa mfano, humulika rangi ya chungwa: mara moja moja ikiwa chini ya asilimia 50, mbili mbili kuanzia 50, tatu tatu kuanzia 75, kisha kijani kisichokatika ndiyo imejaa. Nimemwona mtu anaing’oa kwenye tatu tatu miezi na miezi akidhani ndiyo ishara ya kumaliza. Chaja nyingine taa ikizima bado zinataka saa moja zaidi ndipo betri ijae kweli, na hilo limeandikwa kwenye kile kikaratasi ulichokitupa pamoja na boksi.

Chaja za mezani zisizo na jina, zile za kubana betri kwa vishikio vinavyosogea, ndizo zilizonifanya niaibike ukumbini. Kuipima ni rahisi: betri ikitoka tu kwenye chaja na taa ni ya kijani, multimita isome zaidi ya 8.2 kwa betri ya seli mbili. Ikisoma 7.9, taa inadanganya. Au azima chaja ya mwenzako yenye jina, chaji betri ileile, linganisha.

Kisha kuna wanaochaji kupitia kamera yenyewe kwa waya wa simu. Hapa hesabu ni ya darasa la saba. Betri ya Sony NP-FZ100 ina volti 7.2 na mAh 2,280 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Zidisha, gawa kwa elfu, ni takriban Wh 16.4, yaani wati 16.4 kwa saa moja. Kichwa kidogo cha chaja kinachotoa volti 5 kwa nusu ampea ni wati 2.5. Gawanya, unapata saa sita na nusu, na bado hujatoa kinachopotea kama joto. Sema saa nane. Mtu anachomeka saa kumi na mbili jioni, umeme unakatika saa tatu usiku, asubuhi anachomoa na kwenda kazini akiamini imelala kwenye chaji. Tumia kichwa chenye nguvu ambacho kamera yako inakubali, na ukumbuke kuwa kamera kadhaa, ikiwemo a6000, huchaji zikiwa zimezimwa tu. Ukiiacha imewashwa kwenye waya, usiku kucha umepita bure.

Usisahau vile vibati vya rangi ya dhahabu kwenye betri, kwenye chaja na ndani ya kamera. Sisi wa pwani tunaishi na hewa ya chumvi, na ukungu mwembamba wa uchafu juu ya kibati unatosha kuvuruga kuchaji. Futa kwa raba safi ya penseli au kwa pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, acha ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Sindano na kisu viache jikoni na kwa fundi cherehani.

Imezimwa, lakini inakula

Hii ndiyo dalili inayowachanganya wengi. Kamera umeizima Jumapili ikiwa na asilimia 90, unaiwasha Ijumaa iko 40, na hakuna aliyeigusa. Mpiga picha wa ndege aliyeniletea ya kwake alikuwa ameshabadilisha betri mara mbili.

Muulize kamera kuhusu mahali. Canon EOS 6D ya mwaka 2012 ina GPS ndani, na ukiiwasha hiyo GPS, inaendelea kutafuta satelaiti kwa vipindi hata baada ya kuizima kamera kwa swichi. Haijaharibika, imetengenezwa hivyo, na kitabu chake kinasema wazi kwamba betri itashuka. Kwenye EOS 7D Mark II waliweka hali mbili: moja inayoendelea kamera ikizimwa, nyingine inayozima pamoja nayo. Kama hujui GPS yako inakusaidia nini, huihitaji. Zima. Hata baadhi ya vifaa vya GPS vinavyopachikwa juu pale pa fleshi hunywa kutoka betri ya kamera.

Baada ya GPS, angalia mawasiliano na simu. Kamera nyingi za miaka ya karibuni hubaki zimeunganishwa na simu kwa Bluetooth hata zikizimwa, ili picha zijitume zenyewe au ili simu iweze kuiamsha kamera ikiwa begini. Ni raha kweli, ila inalipiwa. Ingia kwenye menyu, tafuta kipengele cha kutuma picha kamera ikiwa imezimwa, kizime. Ukiwa hapohapo, washa “Airplane mode”, ambayo hunyamazisha redio zote za ndani, yaani Wi-Fi na Bluetooth, kwa mpigo mmoja. Nimeona kamera iliyokuwa ikipoteza robo ya chaji kila siku mbili ikatulia kwa kitendo hicho kimoja.

Kama bado inakula, toa vitu kimoja kimoja, usiku mmoja kwa kila kimoja. Gripu, kile kishikio cha betri za ziada kinachofungwa chini ya kamera, ndiyo ya kwanza kuondoka, hasa isiyo ya kampuni ya kamera. Ifuate adapta ya lenzi, halafu lenzi yenyewe: ilaze kamera ikiwa na mfuniko wake tu. Kinachoondoka na chaji ikatulia, ndicho. Njia hii ni ya polepole, inakera, na sijui nyingine inayoishinda.

Na kabla ya yote hayo, naomba radhi kwa kusema hili: hakikisha umeizima. Swichi ya kamera nyingi iko kwenye kitufe cha kupigia, na sponji ya begi ikikandamiza kitufe nusu, kamera inaamka, inatafuta fokasi gizani, inalala, inaamshwa tena. Safari ya basi kutoka Dar hadi Dodoma inatosha kuimaliza betri nzima namna hiyo. Safari ndefu mimi huitoa betri kabisa.

Imejaa, picha thelathini, sifuri

Kiashiria kinasema imejaa. Unapiga kidogo, kinaruka hadi nyekundu, kamera inazima. Unaitoa betri, unairudisha, inafufuka na kusema ina nusu. Hapa kweli mwizi ni betri.

Betri ya lithiamu ikizeeka hupungua ujazo, na pia ndani yake kunakuwa na ukinzani mkubwa zaidi, yaani umeme hupita kwa shida. Ikiwa imetulia bila kazi, volti zinaonekana nzuri. Kamera ikidai nguvu kwa ghafla, kwa fokasi, kwa kituliza mtikisiko, kwa kuandika kwenye kadi, volti zinadidimia na kamera inadhani chaji imekwisha. Ukiipumzisha zinapanda tena. Kwa kawaida baada ya mizunguko mia tatu hadi mia tano ya kujaa na kuisha, betri imebaki na kama asilimia 80 ya ujazo wake, na inayoishi kwenye joto hufika huko mapema.

Kamera kadhaa zitakusomea umri huo. Canon zenye ukurasa wa taarifa za betri huonyesha vipande vitatu vya kijani kwa betri nzima, viwili ikianza kuchoka, na kimoja chekundu ikifikia ya kubadilishwa. Nikon zenye kipengele hicho hutoa namba kutoka 0, ambayo ni mpya, hadi 4, ambayo imemaliza safari. Betri mbadala ambayo chipu yake haielewani na kamera haitaonyesha chochote, au itaonyesha uongo.

Sasa tuje kwenye betri feki, ambazo dalili zake ni hizihizi ila zinaanza wiki ya pili badala ya mwaka wa tatu. Watu huniuliza watazijuaje, wakitegemea nitaje hologramu na rangi ya maandishi. Hologramu nazo huchapishwa. Mimi nasoma namba. Mfano ni betri ya Canon ya familia ya LP-E6, ambayo umbo lake halijabadilika. LP-E6 ya mwaka 2008 ilikuwa na mAh 1,800. LP-E6N ya 2014 ikawa na 1,865. LP-E6NH ya 2020 ikawa na 2,130. Kampuni yenye maabara zake ilitumia miaka kumi na miwili kuongeza mAh 330 ndani ya boksi lile lile. Muuzaji anayekuonyesha umbo hilo limeandikwa 3,000 kwa robo ya bei anakuuzia wino. Hali kadhalika LP-E10 ya Canon, ambayo halisi ni 860, ukiikuta imeandikwa 2,000, au NP-FW50 ya Sony, ambayo halisi ni 1,020, ikidai mara mbili.

Ipime na mkononi. Betri halisi za familia ya LP-E6 zina uzito wa takriban gramu 80. Mizani ya kupimia unga wa keki inatosha. Iliyo nyepesi kwa kiasi kikubwa ina seli ndogo ndani, na nafasi iliyobaki ni plastiki.

Sisemi kila betri mbadala ni takataka. Ninazo mbili ambazo zimenifaa, zimeandikwa mAh za kiasi, na huzitumia kwa picha za mchana, si kwa kiapo cha ndoa. Ili kujua zinazokaa, ziweke kwenye mashindano: kamera ileile, mwangaza wa skrini uleule, rekodi video ya ukuta hadi ikate, andika dakika. Kamera nyingi, hasa za zamani kidogo, husimamisha video karibu na nusu saa, kwa hiyo kaa karibu uianzishe tena. Baada ya alasiri moja utakuwa na orodha ya ukweli kuhusu kila betri uliyonayo, na utashangaa ipi ni ya mwisho.

Betri ikivimba hiyo si dalili tena, ni hukumu. Ukiona haiingii vizuri, au imenasa na haitoki, usiichokonoe kwa bisibisi. Fundi afungue. Usiichaji tena, usiitoboe.

Inazima fleshi inapowaka

Fupi tu: betri iliyochoka, kama nilivyoeleza, au mguso mbaya. Kama betri mpya nayo inafanya hivyo, safisha vibati, kisha angalia kufuli la mlango wa betri. Kamera iliyowahi kuanguka huwa na mlango unaocheza, na kamera nyingi zina kiswichi kidogo kinachobonyezwa na mlango huo. Ubonyeze mlango kwa kidole huku ukipiga. Ikiacha kuzima, umeshapata.

Wewe mwenyewe

Wiki ile ya kupima nilijigundua na mimi. Tunaotembea na kamera zisizo na kioo tumeining’iniza tumboni, kile kihisi kidogo pembeni ya tundu la kuchungulia kinaliona shati na kudhani ni jicho. Kamera haizimi tundu lake, haijilazi, na wewe unaongea na baba wa bibi harusi kwa dakika ishirini. Igeuze skrini yake ije nje au punguza muda wa kujilaza. Mimi huuweka kwenye dakika moja.

Kuna tabia tuliyofundishwa ya kuzima kamera kila baada ya picha ili “kutunza chaji”. Kwenye kamera zinazotikisa kihisi kujisafisha kila zikiwashwa na kuzimwa, au zenye lenzi inayojitokeza na kujirudisha kwa mota, tabia hiyo hula kuliko inavyookoa. Iache ilale yenyewe. Ukigusa kitufe itaamka.

Mengine huyajua kila mtu na hakuna anayeyafanya: skrini iliyopandishwa mwanga hadi mwisho kwa ajili ya jua la saa sita na haikushushwa tena, kuonyesha kila picha kwa sekunde nane baada ya kuipiga, fokasi inayohangaika bila kukoma hata kabla hujagusa kitufe, kituliza mtikisiko kikinguruma wakati kamera iko kwenye tripodi. Na kupitia picha ukumbini na mashangazi wa bwana harusi. Hilo la mwisho sijalipatia dawa. Mashangazi wana haki yao.

Imani za simu na redio

“Mara ya kwanza ichaji saa nane.” “Usiichaji mpaka iishe kabisa.” Maneno haya yalikuwa na maana wakati wa betri za nikeli na kadimiamu, zilizokuwa na ugonjwa wa kukariri. Betri za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, hazina ugonjwa huo. Kuzimaliza hadi sifuri kila mara huzichosha. Zichaji ukiwa na nafasi, hata kama iko nusu.

Tuliokulia kwenye redio za mkulima tunakumbuka betri zilizoanikwa juu ya bati zipate taarifa ya habari ya mwisho, na nyingine zilizong’atwa kwa meno. Zile zilikuwa za mkaa na zinki. Ukiianika betri ya kamera unaiua. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani ni bati lilelile. Kama hutaitumia kwa mwezi, iache ikiwa na chaji ya kama nusu, mahali pa baridi ya kawaida, nje ya kamera.

Kamera za betri za AA

Bado zipo nyingi mashuleni na maofisini, na kesi zake ni za peke yake. Betri za redio za mkaa na zinki hazifai humo. Kamera inaweza kuwaka, ikatoa lenzi, ikafa. Alkalaini zinafanya kazi lakini hazipendi kunyonywa kwa nguvu, kwa hiyo zinaisha kwa kamera zikiwa bado na chaji ya kutosha kwa saa ya ukutani kwa miezi. Zipeleke huko.

Zinazofaa ni za kuchaji za nikeli na hidridi. Kila moja ni volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo nne ni 4.8 badala ya 6, na kamera isiyojua hilo italia kuwa chaji imeisha mapema. Kamera kadhaa, zikiwemo Nikon Coolpix za mfululizo wa L, zina kipengele cha kuchagua aina ya betri. Kirekebishe, tatizo linaweza kuisha hapohapo. Za zamani za aina hii hupoteza chaji zenyewe zikikaa. Sanyo ilipoleta Eneloop mwaka 2005 ndipo tukapata za kukaa miezi. Usichanganye mpya na nzee: moja mbovu kati ya nne inaziangusha zote.

Mlimani

Waongozaji wa Kilimanjaro wanaijua hii kuliko mimi. Mgeni anaanza kupanda usiku wa manane kutoka kambi iliyo zaidi ya mita 4,600, kamera iko nje ya begi, na alfajiri akifika kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895 betri iliyojaa jana inasema haina kitu. Haijaisha. Baridi inapunguza kasi ya kemia ya ndani, na ikipata joto chaji inarudi. Betri zilale ndani ya mfuko wa kulalia na zipande zikiwa mfuko wa ndani, karibu na mwili, ukizibadilisha mbili kwa zamu. Betri iliyoganda usiichomeke kwenye pawabenki mpaka ipate joto, kwa sababu kuchaji lithiamu chini ya nyuzi sifuri huiharibu moja kwa moja.

Ukifika kwa fundi

Kama betri ya mwenzako iliyothibitishwa nayo inaisha kwenye kamera yako, redio zimezimwa, gripu na lenzi zimetolewa, na jaribio la usiku bado linaonyesha kushuka, ubao wa ndani unavuja. Mara nyingi ni kamera iliyowahi kupata maji au jasho la msimu wa joto. Mpe fundi maelezo kamili: imeshuka kutoka ngapi hadi ngapi, kwa saa ngapi, ikiwa na nini na bila nini. Mwombe apime mkondo unaotoka kwenye betri kamera ikiwa imezimwa kabla hajaanza kubadilisha kitu. Akisema “tujaribu betri mpya kwanza, bosi”, mwonyeshe karatasi yako ya A na B.

Kamera kusahau tarehe kila ukitoa betri ni jambo jingine. Ndani kuna kibetri kidogo cha saa. Kwenye kamera nyingi hujichaji kutoka betri kubwa, kwa hiyo iache betri iliyojaa ndani kwa siku mbili kisha uweke tarehe upya. Ikisahau tena, kibetri hicho kimekufa, na fundi akikibadilisha chaji ya picha zako haitaongezeka wala kupungua.